Picha Arobaini za Giza

Inspekta Vibeke Thorup alipoingia kituoni Vordingborg Jumatatu asubuhi, theluji bado mabegani, alikuta Sajini Poul-Erik ameshampata muuaji. Poul-Erik alikuwa na miaka thelathini na sita kazini na amebakiza miezi minne astaafu. Mtu aliyebakiza miezi minne huwa na haraka ya kumaliza kila kitu, hata kile ambacho hakijaanza.

"Yuko chumba cha pili, mkuu," alisema, kipande cha mkate mweusi mkononi na samaki wa siki juu yake. "Bent Skytte, yule jirani. Nimemtoa kwake alfajiri kabla hajalisha nguruwe."

"Umemkamata?"

"Nimemwomba aje. Kwa sauti ya juu kidogo."

Marehemu alikuwa Aksel Riisgaard, mzee wa miaka sabini na tatu, fundi miwani mstaafu wa kisiwa cha Møn. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mkewe, Tove, alipiga simu kusema amemkuta amekufa ndani ya kibanda cha darubini nyuma ya nyumba yao. Alikuwa na jeraha kwenye paji la uso, upande wa kulia, na damu ilikuwa kwenye kona ya nguzo ya chuma inayobeba darubini. Aliteleza mwenyewe au alisukumwa? Hilo ndilo lililokuwa swali, ila kwa Poul-Erik halikuwa swali tena.

"Alhamisi dukani, mbele ya watu sita, Bent kamwambia marehemu: 'Iko siku nitakuzima wewe badala ya taa.' Watu sita, mkuu! Mpaka mwenye duka kaacha kukata jibini."

"Taa gani?"

"Ya uani kwake. Kubwa, ungedhani uwanja wa mpira. Mzee alilalamika miaka miwili kwamba inamharibia nyota zake."

"Na saa ya kifo tunaijuaje?"

Poul-Erik akatabasamu, maana hapo ndipo alipokuwa anapangoja. "Ile programu ya kamera ya darubini inajiandikia daftari lake yenyewe, kila tendo na saa yake. Tulilinakili Jumamosi. Saa moja na dakika kumi na mbili usiku wa Ijumaa picha zikatikisika, sita mfululizo zikakataliwa. Ndipo mzee alipoangukia nguzo. Sasa Bent wakati huo alikuwa wapi? Nyumbani peke yake, anachemsha viazi. Klabuni kwenye karata kafika saa moja na nusu. Kaua, kanawa, kaenda kucheza karata. Kwisha."

"Haraka hiyo itakuua wewe kabla ya pensheni," Vibeke alisema, akaenda chumba cha pili.

Bent Skytte alikuwa pande la mtu. Viatu vyake vya mpira vilikuwa vimeleta zizi zima ndani ya kituo. Hakunyanyuka wala hakusalimu.

"Bwana Skytte, ulimtishia Aksel."

"Nilimtishia. Na yeye Jumanne aliniambia nguruwe wangu wana akili kunizidi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana, miaka kumi na tisa. Muulize yeyote."

"Ijumaa ulikwenda kibandani kwake?"

"Nikafanye nini? Kule ukikanyaga nyasi umeharibu picha. Ukikohoa umeharibu picha. Siku moja niliwasha kiberiti nivute sigara, mzee akanifukuza kama mbwa mwizi."

"Unajua picha za giza?"

Bent akamtazama, kisha akamtazama Poul-Erik mlangoni, kama mtu anayetaka kujua kama anataniwa. "Picha za nini?"

"Za giza."

"Mama, nani mwenye akili zake anapiga picha giza? Si ukifumba macho tu unaliona bure?"

Vibeke aliandika jibu lile neno kwa neno. Alipoinua kichwa, uso wa Bent ulikuwa umebadilika.

"Atazikwa lini?" Bent aliuliza.

"Bado haijapangwa."

"Bendera yangu iko nusu mlingoti tangu Jumamosi. Na ile taa nimeing'oa waya wake. Nimeing'oa kabisa. Sasa hivi kule kwetu giza tupu, angefurahi, yule mzee..." Aliweka mikono yake mikubwa usoni akalia kwa sauti, bila kujificha, na Poul-Erik akajikuta anatazama mkate wake.

Vibeke alirudi mezani kwake. Hakuijua nyota hata moja kwa jina, na wala hakuona aibu kwa hilo. Lakini mstari wa mwisho wa lile daftari ulikuwa umemkaa kooni tangu Jumamosi: picha arobaini za giza. Basi akafungua jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa programu ile, akajimiminia kahawa, akaanza kusoma kama mtu anayesoma barua za watu wengine. Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Programu yenyewe alikwisha kuielewa. Kamera inapiga picha fupi fupi za anga, na programu inazipanga moja juu ya nyingine hapo hapo, huku mwenyewe anatazama. Picha moja haionyeshi kitu. Mia tatu zikipandana, kile kilichojificha kinajitokeza polepole kwenye kioo. Aliyeitengeneza alikuwa bwana mmoja wa Uingereza, na kila siku watu walimletea maombi: ongeza hiki, punguza kile, kitufe hiki kipeleke kule. Wenyeji nao waliwapa wageni ushauri.

Ushauri wa kwanza kabisa, uliobandikwa juu, ulisema: *Saa zinazoandikwa kwenye daftari ni saa za dunia, si za saa yako ya mkononi. Kila mtu aongeze za kwao.*

Vibeke alibaki mdomo wazi. Denmaki wakati wa baridi huongeza saa moja.

"Poul-Erik!"

"Naam, mkuu."

"Mzee hakuanguka saa moja na dakika kumi na mbili. Alianguka saa mbili na dakika kumi na mbili. Bent wakati huo alikuwa wapi?"

Sajini alihesabu kwa vidole, akarudia, rangi ikamtoka. "Kwenye karata. Na watu kumi na moja."

"Wapigie simu wote. Wakithibitisha, mrudishe kwa nguruwe wake, tena umwombe radhi. Kwa sauti ya juu kidogo."

Akaendelea kusoma. Ushauri wa pili ulikuwa mrefu, lakini kiini chake kilikuwa hiki: *Usimalize usiku wako bila kupiga picha za giza. Kamera kila moja ina chembe zake chafu, na hizo utazijua tu ukipiga picha huku darubini imefungwa. Hapa programu haiwezi kukusaidia. Kifuniko kinavishwa kwa mkono wako mwenyewe.*

Kwa mkono wako mwenyewe. Picha za giza zilipigwa saa tatu na dakika ishirini, zaidi ya saa nzima baada ya mzee kuanguka. Na Jumamosi kifuniko kilikuwa mahali pake, mdomoni mwa darubini, juu ya kichwa cha mtu mzima. Alimpigia daktari aliyeufanyia mwili uchunguzi.

"Daktari, saa moja baada ya kuanguka, angeweza kusimama akainua mikono juu?"

"Asimame? Hata kidogo. Dakika ishirini za kwanza huenda aliongea vizuri tu. Damu ilikuwa inavujia ndani, polepole, na nyingine nje. Baadaye usingizi. Baadaye basi."

"Na kama angefikishwa hospitali ndani ya muda huo?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa kwenye simu. "Hilo liko ukurasa wa tatu, Vibeke. Lisome ukiwa umekaa."

Alilisoma akiwa amekaa. Kisha akalitafuta jina la marehemu jukwaani, na akalipata: Aksel wa Møn. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Katika miaka miwili aliomba mambo manne tu.

Ombi la kwanza: *Naomba herufi ziwe kubwa zaidi.* Miezi saba baadaye: *Naomba herufi ziwe kubwa kuliko hizo kubwa.* Mwaka jana: *Je, programu inaweza kulia kengele picha inapokataliwa?* Na la mwisho, la mwezi Novemba: *Naomba programu isome namba ya kila picha kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Ili anayehesabu apumzike.* Yule bwana wa Uingereza alijibu kwa adabu: *Ombi zuri, Bwana Aksel, nitaliweka kwenye orodha. Ila sauti ya nini, na namba iko mbele ya macho yako?* Jibu la Aksel lilikuwa maneno matatu: *Ni hadithi ndefu.*

"Poul-Erik, huyu mzee alikuwa anaendesha gari?"

"Aliliuza miaka miwili iliyopita. Kasema anatunza mazingira."

"Mazingira, eh?" Vibeke alivaa koti lake. Fundi miwani aliyewatengenezea watu wa kisiwa kizima macho alikuwa anapofuka, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yuko mmoja aliyejua, yule aliyekuwa anahesabu. Katika lile daftari, dakika nne baada ya mzee kuanguka, kulikuwa na mstari mwingine ambao kila mtu aliupita: *picha imerudishwa katikati kwa mkono*. Mzee haoni, kaanguka, anavuja damu. Mkono huo ulikuwa wa nani?

Tove Riisgaard alimfungulia mlango kabla hajabisha. Alikuwa mama mwembamba wa miaka sabini, nywele zimefungwa vizuri, sweta limefungwa vifungo vyote, na mkononi kitambaa cha vyombo kilichokauka kitambo.

"Umekuja peke yako, Inspekta."

"Peke yangu. Ningependa tukaone kibanda, Bibi Tove, kama utaweza."

"Mguu ninao. Twende."

Kibanda kilikuwa hatua arobaini kutoka jikoni, cha mbao, bila dirisha, na paa lake lilikuwa la kusukuma. Utepe wa polisi ulikuwa umekatika kwa upepo. Ndani mlikuwa na darubini yenye kifuniko chake, kompyuta mezani, na viti viwili vifupi. Cha pili kilikuwa na mto wa kufuma kwa mkono. Chini ya nguzo polisi walikuwa wameacha kadi yao nyeupe yenye namba nne iliyoandikwa kwa wino mwekundu, kuonyesha doa lilipo.

"Ijumaa ulimwona Aksel mara ya mwisho saa ngapi?"

"Nilishawaambia. Saa kumi na mbili jioni, tulipokula. Halafu akaja huku, mimi nikalala mapema. Asubuhi ndiyo nikamkuta."

"Nani alivisha kifuniko?"

"Si yeye mwenyewe."

"Saa tatu na dakika ishirini? Daktari anasema hakuweza hata kusimama."

Tove alikunja kitambaa cha vyombo mara mbili, akakikunjua. "Basi daktari kakosea."

"Kiti hiki chenye mto ni cha nani?"

"Cha wageni."

"Wageni gani, na Bent akipita tu barabarani anafukuzwa?"

Vibeke hakutaka kumbana. Alitaka tu kukiona kibanda kama kinavyokuwa usiku. Alifunga mlango, giza likajaa, akabonyeza kitufe cha kwanza alichokigusa ukutani. Ikawaka taa nyekundu, hafifu, ile wanayotumia watu wa nyota ili macho yasizoee mwanga. Alitazama huku na huku apate kujua mtu anaona nini ndani ya mwanga ule. Aliona meza, viti, na mikono ya Tove. Akaitazama kadi iliyokuwa sakafuni. Kadi ilikuwepo, nyeupe, safi, haina kitu.

Namba nne ilikuwa imepotea.

Vibeke aliinama, akaisogeza usoni. Hakuna. Wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe, chini ya taa nyekundu, ulikuwa kama haujawahi kuandikwa. Aliikumbuka picha ya marehemu kwenye faili, ndevu zake ndefu nyeupe zilizoganda damu mpaka kifuani.

"Mungu wangu," alisema. "Hukuiona damu."

Tove alikaa kwenye kiti chenye mto. Alikaa taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari ambayo hakutaka kwenda.

"Bibi Tove, ni lazima nikuambie kitu kabla hujasema lolote. Bent Skytte yuko kituoni tangu alfajiri. Watu wanasema amemuua mumeo."

"Bent?" Mama yule alishtuka hasa. "Bent huyu wa nguruwe? Aka! Huyo hata konokono anawabeba kwa kijiko anawavusha barabara. Nani kasema? Mwacheni Bent! Jamani, mwacheni, hakufanya kitu."

"Basi niambie nani alikuwepo."

"Mimi. Nilikuwepo mimi."

Vibeke hakumharakisha, na hakuwasha taa nyingine.

"Kila usiku nilikuwepo," Tove alisema. "Tangu macho yake yaanze kwenda. Alikuwa hataki watu wajue. Fundi miwani kipofu, watanicheka kisiwa kizima, Tove. Basi mimi nikawa macho. Nasoma namba, namwambia picha imefika wapi, imetoka rangi gani. Yeye ananiambia cha kubonyeza. Hata zile barua za Uingereza niliandika mimi, jikoni, yeye anasema na mimi napunguza maneno. Ile ya sauti ndiyo hakuitaka. Alisema tusiwasumbue watu. Mimi ndiye niliyeiandika kwa siri, maana wakati mwingine nasinzia, na nikisinzia anapotea hesabu, anakasirika."

"Ijumaa je?"

"Ijumaa ilikuwa ya Kichwa cha Farasi. Ni wingu jeusi huko juu, lina umbo la kichwa cha farasi hivi. Alilitafuta miaka. Linataka picha mia tatu na anga safi, na Ijumaa anga ilikuwa safi. Nilirudi jikoni kuleta kahawa. Niliporudi nikamkuta amekaa chini, ameegemea nguzo. Nikasema, mzee wangu, una nini? Akasema, nimeteleza, nimekalia makalio yangu mwenyewe, cheka upesi halafu urudishe picha katikati. Nikataka kuwasha taa nyeupe nimwangalie. Akanipigia kelele. Usiwashe! Utaharibu zote!"

Alifuta uso kwa kile kitambaa.

"Sisi hatuwashi taa katikati ya picha, Inspekta. Nimeolewa miaka arobaini na sita. Ditte binti yetu alivunjika mkono hapo kwenye ngazi akiwa na miaka kumi, akaja kukaa hapa kimya na mkono wake mpaka picha ikaisha. Tulikuwa tunalisimulia kwenye sikukuu. Tulikuwa tunacheka! Basi nikamshika uso, gizani. Nikasema, umelowa. Akasema, ni jasho na umande. Nikamtazama vizuri na taa hii hii. Ndevu nyeupe, safi kabisa. Nikamwamini."

"Mkaendelea."

"Tukaendelea. Nikamfunika blanketi. Namhesabia. Sitini. Sabini. Mwanzoni anaitikia, anauliza, pua ya farasi imetoka? Namwambia imetoka. Karibu na mia moja na hamsini akanyamaza. Nikajua kalala, huwa analala. Nikaendelea kuhesabu hata hivyo, kwa sauti ya chini, maana akizinduka huwa anauliza ni ya ngapi. Mia tatu ilipofika nikamwambia, tayari, mzee wangu. Kimya. Nikasema alale tu, ngoja nimalize mwenyewe, asubuhi asije akanisema. Nikapanda kiti, nikavisha kifuniko. Nikapiga picha za giza arobaini, kama anavyotaka. Nikafunga paa." Alikikunja kile kitambaa. "Kisha nikawasha taa nyeupe."

Nje gari lilipita barabarani likaishia.

"Ndevu zake zote, Inspekta. Na viganja vyangu. Na kikombe cha kahawa. Kila nilichogusa."

Vibeke aliketi kwenye kiti kile kingine, kile cha Aksel.

"Nilizima taa, nikaenda kuosha vikombe," Tove alisema. "Nikakaa jikoni mpaka kumekucha. Ningemwambiaje Ditte? Kwamba nilikaa na baba yake, bega kwa bega, zaidi ya saa nzima, ananifia mkononi, na mimi namhesabia picha? Ni bora nilikuwa nimelala. Mke aliyelala watu wanamhurumia."

"Itabidi niandike yote haya."

"Andika. Bent atolewe. Ila nipe mpaka jioni. Ditte anashuka kwenye treni saa kumi, anatoka Aarhus. Alisikie kwangu, si kwenye karatasi yako."

"Mpaka jioni. Bent natumaini ameshafika nyumbani. Nimewaacha wanathibitisha tu. Na mwanasheria wa serikali ndiye atakayeamua mengine, siwezi kukuahidi kitu."

"Sikuomba ahadi." Tove aligeuka akamtazama usoni. Katika mwanga ule uso wake haukuwa na hata mkunjo. "Nataka jambo moja tu, na usinidanganye. Ningewasha taa. Pale mwanzo, aliponipigia kelele, ningewasha tu. Angepona?"

Ripoti ilikuwa ndani ya mkoba wa Vibeke, ukurasa wa tatu umekunjwa pembeni. Ingekuwa rahisi kusema hapana. Neno lenyewe lilishafika ulimini. Lakini aliyemuuliza alikuwa mtu aliyedanganywa kwa upendo mara moja, Ijumaa, chini ya taa hii hii, akaambiwa ni jasho na umande.

"Daktari ameandika: huenda angepona."

Tove alitikisa kichwa polepole, mara nyingi. "Ahsante," alisema. Kisha akajikunja pale kitini akalia kilio kibaya, cha tumboni, kisicho na maneno, na Vibeke alimshika mabega akamwacha alie, na yeye mwenyewe machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

Ni Tove aliyeiona kwanza. Kompyuta ilikuwa haijazimwa tangu Jumamosi, mtaalamu wa polisi angekuja kesho yake kuichukua, na kwenye kona ya kioo palikuwa na tangazo dogo. Vibeke alivaa glavu akaligusa lifunguke. Toleo jipya la programu lilikuwa limejiweka lenyewe usiku wa Jumapili. Mabadiliko yalikuwa saba. La tano Tove alilisoma kwa sauti, kwa mazoea, kama alivyomsomea mumewe kila kitu.

"Programu sasa inaweza kuhesabu picha kwa sauti. Tunamshukuru Bwana Aksel wa Møn aliyeomba."

Alisoma mara ya pili, kimoyomoyo.

"Hakuomba yeye," alisema. "Niliomba mimi. Nilitaka nipumzike."

"Bibi Tove, hii ni ushahidi, hairuhusiwi kuguswa," Vibeke alisema. Halafu akavua glavu zake, akampa.

Tove alizivaa. Kifuniko kilikuwa bado mdomoni mwa darubini, kama alivyokivisha Ijumaa. Alichagua picha za giza, arobaini, akabonyeza. Wakangoja sekunde kumi na tano.

"Moja," ikasema kompyuta. Ilikuwa sauti ya kike, ya kijana, imenyooka, ya mtu asiyemjua yeyote. Zikapita nyingine kumi na tano. "Mbili."

"Angesema sauti hii inamchosha," Tove alisema. "Angesema, Tove, mzime huyu, hesabu wewe."

Walikaa kwenye vile viti viwili wakasikiliza. Ilipofika tisa Tove alisimama, akaenda ukutani, akapapasa swichi ya pili, ile ya juu. Vibeke alidhani atarudi kukaa, lakini hakurudi. Aliwasha taa nyeupe, katikati ya picha, na kibanda chote kikaonekana: vumbi, nguzo, kadi yenye namba nne, doa kubwa la kahawia sakafuni karibu na mto wake.

"Kumi," ikasema sauti.

Tove alipiga magoti mbele ya lile doa, akaweka kiganja chake juu yake.

"Nimeiwasha, mzee wangu," alisema. "Nimeiwasha."

"Kumi na moja."